Mizunguko Mitatu ya Waliochelewa

Wazo la kukimbia asubuhi lilikuwa langu, na sikutaka mtu aliguse. Shule yetu hapa Gihundwe ni ndogo, madarasa sita na uwanja usiotosha hata mpira. Watoto walikaa kutwa kwenye madawati wakisinzia, mikono mashavuni. Mimi nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ambako masista walitukimbiza kila asubuhi kabla ya sala, nikaamini kwamba kilichonifaa mimi kingewafaa na wao. Basi kila siku kabla ya kengele tulizunguka uwanja mara nne, tukiimba na kupiga makofi. Usingizi darasani ukapungua kweli. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya wazazi, nami nikavimba kichwa.

Hapo ndipo nilipoweka sheria. Mwenye kuchelewa aongeze mizunguko mitatu, peke yake, wenzake wakimhesabia kwa sauti.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana kutoka Gitambi. Bibi yake alikuwa amemleta akae kwa shangazi yake, muuza nyanya, ili asome mjini. Alitaka kuwa muuguzi. Aliwahi kunionyesha paa la hospitali kupitia dirishani na kuniuliza kama hesabu zake zingetosha kumfikisha pale. Nilimwambia zinatosha, na haukuwa uongo.

Lakini alichelewa karibu kila siku. Alifika akihema, jasho shingoni, nami nikadhani amekurupuka kitandani. Nilimwuliza sababu mara moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu. Akasema, "Pardon, mwalimu," akaenda kukimbia. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Siku moja, katika mzunguko wa pili, akakaa chini kwenye majani. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilimwambia mbele ya shule nzima kwamba ana miguu mivivu, ya mtu anayengoja kubebwa. Watoto wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na hilo linaniuma kuliko yote.

Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Nikaenda kwa shangazi yake. Nilimkuta amelala ubavu juu ya mkeka, mgongo umemshika.

"Ule mutoto hana buvivu, mwalimu," alisema. "Kila asubuyi anabeba beseni yangu ya tomate mpaka ku barrière ya Rusizi I, pale ku mupaka, njo anapanda kuya ku masomo. Mimi mugongo inakatala."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa utaniona mubaya. Sasa amerudia Gitambi kwa tate yake, ule bibi mwenye alimuleta. Anasema miguu yake haiwezi masomo."

Jumapili nilikwenda Gitambi. Nilimkuta shambani na bibi yake, wakipalilia maharage. Alinisalimia kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo sikuistahili. Nilimwomba msamaha. Akatazama jembe, akasema, "Haina shida, mwalimu. Nitarudi." Nilijua kwamba ananihurumia, kama alivyomhurumia shangazi yake. Hakurudi. Dawati lake bado liko pale, karibu na dirisha, na sijathubutu kumkalisha mtu.

Wiki ile ile niliyotoka Gitambi nilifika kwa shangazi yake alfajiri, nikamwambia beseni nitabeba mimi. Alibisha sana, kisha akanitwika. Njia yote ya mteremko nilishika ukingo kwa mikono miwili, shingo ikiwaka moto. Pale mpakani wabebaji walinipisha wakicheka chinichini, mwalimu mzima na nyanya kichwani. Nikamkabidhi beseni mwanamke anayeuza nyanya pamoja na shangazi, nikaanza kupanda. Kilima kile nimekipanda miaka yote nikiwa juu ya moto, pikipiki ya abiria, sikuwahi kujua urefu wake.

Nilipofika shuleni, nyimbo zilikuwa zimekwisha. Watoto walikuwa wamejipanga, wananitazama, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba nimechelewa. Niliweka mkoba chini nikaanza kukimbia. Walisita, kisha sauti moja ikasema moja, na wengine wakafuata.

Katika mzunguko wa pili miguu ilikataa. Nilikaa kwenye majani, karibu na pale alipokaa yeye, nikalia mbele yao bila kujificha. Hakuna aliyecheka. Mimi waliniletea maji.