Pia Tatu na Mafuta ya Alizeti

Kwenye pia mimi sishindwi na mtu. Nimekulia hapa Kiomboi nikichonga pia za mti wa mpera kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa hiyo binti yangu wa darasa la nne aliponiambia kwamba mwalimu wa sayansi anataka kila mtoto afanye jaribio na kulieleza mbele ya darasa siku ya Ijumaa, na kwamba yeye amechagua pia, nilichukua panga nikatoka kutafuta tawi.

"Baba, rudi," akasema. "Sitaki pia nzuri. Nataka pia zinazofanana."

Mtoto anayekataa pia nzuri nilikuwa sijamwona. Alitaka kujua kama pia yenye kisahani kipana huzunguka muda mrefu kuliko yenye kisahani kidogo. Darasani alishasema kwamba kipana ndicho kitakachoshinda, wenzake wakamcheka. Binti yangu ana umbo dogo, watu humdhania wa darasa la pili, basi wakamwuliza yeye na mambo ya wakubwa wapi na wapi. Ijumaa alitaka asimame mbele yao akiwa na jibu.

Tukakaa uani kuchagua vifaa. Nikamletea kipande cha kandambili, akauliza kama kuna vingine viwili vya unene ule ule. Havikuwepo. Nikaleta kifuniko cha ndoo na kigae cha kibuyu, akavirudisha vyote.

"Vikitofautiana unene na upana kwa pamoja, nitajuaje kipi kimefanya kazi?"

Swali lilinikera kidogo, kwa sababu lilikuwa sahihi. Mwishowe tulikata visahani vitatu kutoka ubavuni mwa dumu moja la mafuta ya kupikia lililokwisha, baada ya kulisugua kwa majivu na sabuni. Cha kwanza tulikichora kwa glasi, cha pili kwa kikombe, cha tatu kwa bakuli. Vijiti vya kupenyeza katikati vikawa penseli za aina moja, zimechongwa kwa kichongeo kimoja. Uwanja ukawa sinia la chuma, na mzungushaji nikawa mimi, kwa sharti moja. "Usimpendelee yeyote, baba."

Kila tulipopima muda kwa simu, pia ya bakuli ilidumu kuliko zote, ya kikombe ikafuata, ya glasi ikaanguka mapema. Mama yangu, tunayeishi naye, alikuwa akipepeta mtama pembeni, na kila ile ndogo ilipoanguka alisikika akiguna.

Alhamisi jioni tukarudia kwa mara ya mwisho. Ile ndogo ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, ikaipita ya kikombe. Tukarudia, ikaipita tena. Mimi nikaingiwa na hofu kwa niaba ya binti.

"Eleza yale ya jana," nikamwambia. "Achana na haya ya leo."

Akanitazama kana kwamba nimemtuma akaibe. "Kuna kitu kimebadilika, baba. Tukitafute."

Tukaligeuza sinia. Tukavipima visahani upya kwa glasi, kikombe na bakuli. Akavichunguza hata vidole vyangu, maana alinishuku. Hamu ya kujua ilinikamata nikasahau kuwa ng'ombe hawajafungiwa. Mwishowe akaisogeza puani ncha ya penseli ya ile pia ndogo. Ilinukia alizeti. Zile mbili nyingine hazikunukia kitu.

Mama hakuinua macho kwenye ungo wake. "Nimempaka mimi," akasema. "Kila siku yeye anaanguka wa kwanza. Mtoto hapelekwi mbele za watu bila kupakwa mafuta."

Kwetu jambo hilo si la mchezo. Mtoto akitoka kuoga hupakwa mafuta mpaka magoti yang'ae, na akionekana njiani amepauka, aibu ni ya nyumba nzima. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Binti hakucheka.

"Basi, bibi, wapake wote."

Mama akawapaka wote, tone moja moja, kwa kidole kile kile. Nikazungusha. Zote zilidumu kuliko jana, lakini ile ndogo ikawa ya kwanza kuanguka, kama zamani. Mama aliitazama kwa huruma. "Kumbe ndivyo alivyo," akasema.

Ijumaa binti alirudi akikimbia. Alikuwa ameeleza yote, hata habari ya mafuta, na wale waliomcheka walimwomba airudie sehemu ya bibi.

Jioni tulikula ugali, mlenda na kuku wa pongezi. Mama aligawa kama anavyogawa siku zote. Mimi nikapata shingo. Kwenye sahani ya binti kulikuwa na paja, na juu yake ini. Hakuligusa. Aliitazama sahani yangu, akaitazama yake, kisha akamgeukia mama.

"Bibi, na mimi huwa unanipaka mafuta?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga yake, taratibu.

"Tangu ulipozaliwa," akasema. "Kula."