Shuka za Dobi na Dawa ya Bi Maabara

Mtaani walimwita Bi Maabara, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mtafiti katika mamlaka ya maji, mwembamba, mkavu wa maneno, asiyejua kupiga soga. Ukimsalimia, huitikia huku jicho liko kwenye ndoo yako, anatazama maji yana rangi gani.

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa dobi wa shuka za hoteli na makoti ya madaktari, akiishi nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Wifi huyo alikuwa akisema kaka yake, fundi cherehani, hakuoa mke, alioa friji.

Kazi ya Bi Maabara ilikuwa kwenye chumba kimoja nyuma ya matangi ya kusafishia maji. Alipanga bilauri kubwa mezani, akazijaza maji ya mto yenye tope, akatia dawa, akangoja tope lizame. Shabu, ile dawa ya kutuliza tope waliyoitumia miaka nenda rudi, ilishindwa kila mto ulipofurika. Akapata dawa nyingine iliyokamata tope upesi zaidi. Maji yaling'aa kwenye bilauri, yakang'aa na kwenye tangi la majaribio. Ulipofika wakati wa kuyapeleka kwa watu, alishauri waanze na mtaa wake mwenyewe, ili ayaone yakitoka bombani kwake.

Kabla ya hapo alimuuliza mkuu wa mitambo mabomba ya mtaa ule ni ya nini, maana dawa mpya huyaacha maji na ukali kidogo, na ukali huo haupatani na chuma. Mkuu akamjibu, bila kuinua uso, kwamba yote yalishabadilishwa kuwa ya plastiki. Bi Maabara akamwamini, na kuamini kwake kukamtokea puani.

Plastiki ilikuwa imeishia barabara kuu. Ndani ya mtaa kulikuwa na chuma kikuukuu kilichovaa kutu nene kama gome. Maji mapya yakaanza kulibandua gome hilo. Asubuhi moja dobi alitia shuka kwenye beseni zikiwa nyeupe pe, akazitoa zina rangi ya chai. Akazifua tena, zikazidi. Hoteli ikampa kazi mtu mwingine, na ile ya makoti nayo ikafuata.

Dobi hakupiga kelele. Alizibeba shuka zikichuruzika, akaingia kwa kaka yake bila hodi, akazibwaga juu ya cherehani, juu ya suti ya mteja.

"Mwambie mkeo azivae," alisema, akatoka.

Kuanzia hapo mtaa mzima ukamgeuka Bi Maabara. Dukani, kila alichotaka kilikuwa kimekwisha. Mtu alimwaga maji mekundu mlangoni pake mchana kweupe, na kati ya waliokuwa barazani hakuna aliyeona kitu. Mumewe akawa anakula kwa dada yake na kurudi kulala tu, kama mpangaji.

Kazini hakukuwa na nafuu. Mkuu alimwita ofisini, akamtaka awaambie wakazi kwamba uchafu unatoka kwenye matangi yao ya nyumbani, hawayasafishi. Alipokataa, mkuu alimkumbusha kwa upole ni nani aliyeuchagua mtaa ule.

Mkutano na wakazi ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mkuu akayaeleza ya matangi, kisha akampa nafasi mtaalamu wake athibitishe.

"Si matangi yenu," Bi Maabara alisema. "Ni sisi. Tulibadilisha dawa, na mabomba yenu ya chuma yanabanduka kutu."

Wifi yake akasimama kule nyuma. "Sisi nani? Sema ni mimi."

"Ni mimi, wifi."

Alidhani kusema kweli kutapunguza kitu. Hakukupunguza. Walimzomea mpaka nje, na mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko, utadhani naye ndiyo kwanza anasikia. Shabu ikarudishwa. Bi Maabara akahamishiwa kwenye karakana ya mita mbovu, na maabara ikatiwa kufuli.

Mafundi walipokuja kuchimba mtaani kubadilisha bomba moja lililopasuka, aliwaomba kipande cha bomba kuukuu. Akakifunga uani kwake, akaunganisha pipa na pampu ndogo, akayazungusha humo maji yenye dawa yake, kutwa nzima. Wifi akautangazia mtaa kuwa sasa sumu inapikwa nyumbani. Mawe yakaanza kuruka ukuta. Bi Maabara akalifunika pipa kwa bati, akaendelea. Alijaribu hiki, akajaribu kile, mpaka akaona kuwa chokaa kidogo, ikitiwa mwishoni kabla maji hayajaingia bombani, inaua ule ukali, na kutu inatulia mahali pake.

Alipompelekea matokeo, mkuu alimsikiliza akiwa amekunja uso. Mvua kubwa zilipoanza na shabu ikashindwa tena, akaichukua dawa ile pamoja na chokaa yake, akawaeleza wageni waliokuja kukagua mitambo kuwa ni "utafiti wetu". Bi Maabara akarudishwa maabara, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kipimo, si kwa kuwa walimtaka.

Siku maji hayo yalipofika mtaani, alibaki nyumbani. Alikaa sebuleni akiutazama mlango, akingoja matusi. Mchana ukapita. Jioni mumewe akaja kutoka kwa dada yake, akafungua bomba, akanawa mikono, akajifutia kwenye shati lake jeupe.

Hapo akajua kuwa yamefaa. Wifi yake hajamsemesha hadi leo, wala yeye hajaenda kumwomba radhi.