Sauti Iliyoazimwa kwa Mama wa Vitengeni

Gundi ya ngozi ya ng'ombe ikichemka hunuka vibaya mno, wala sitaki kuipamba. Lakini hata leo, uzee huu nilio nao, nikiisikia harufu hiyo moyo hunidunda kwa furaha, maana ndiyo harufu ya karakana ya baba pale Shella, Malindi, siku zile Waingereza walipokuwa bado wanajifunza kulivumilia jua letu. Baba alikuwa seremala. Mwaka mmoja karani mmoja Mgoa wa forodhani alimletea gitaa lililopasuka tumbo. Baba akalitia gundi, akalibana kwa kamba, likapona. Karani akafurahi hata akawa anakuja jioni kumfundisha kulipiga, na alipopata habari kwamba atahamishiwa Mombasa akasema, "Fundi, kaa nalo wewe, mimi nitapata jingine." Hivyo ndivyo kilivyoingia nyumbani kwetu kitu ambacho Bibi, mamake baba, alikiita sanduku la mashetani.

Bibi alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. Na mwaka ule ulimi wake wote ulikuwa juu ya shangazi yangu Zuhura, kitindamimba wake, aliyeposwa na Bakari, Mgiriama wa Vitengeni aliyesilimu, kijana mpole aliyekuwa akiwauzia mtama Wahindi wenye maduka. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, naye alikubali. Bibi akakataa katakata. "Sikumlea mwanangu kwa asumini na udi aje aolewe na watu wa nyika!" Shangazi naye alikuwa na ukaidi wa mama yake. Hakubishana, hakulia. Alisema neno moja tu: "Bila radhi ya mama, nikahi isisomwe. Bakari na arudi kwao." Nasi sote tulijua atakalosema ndilo atakalofanya. Kwetu radhi ya mama si mchezo. Binti aliyetoka bila radhi, hata mtoto wake akiugua homa ya kawaida, watu husema ni ile radhi.

Mahari ilikuwa imeshatolewa, siku imeshawekwa, na Bibi hajalegea hata kidogo. Ndipo siku moja ya soko mamake Bakari akaja mjini na mtama wake, akaketi kivulini mwa karakana kumngoja mwanawe. Alikuwa na mjukuu mgongoni, akawa anamwimbia taratibu kwa Kigiriama. Mimi nilikuwa nikichezea maranda sakafuni. Wimbo ulipanda kwa furaha, kisha mahali ambapo sisi tungeendelea kupanda, sauti yake ikateremka kidogo, kidogo mno, halafu ikarudi juu tena. Baba akaiweka randa chini. "Shikamoo, mama. Wimbo huo ni wa nini?" Yule mama akaitikia marahaba, akasema, "Ni wa kuongoa mwana alale. Huyu Bakari nilimuongoa nao, na wenziwe niliowazika." Akaendelea kumpigapiga mtoto mgongoni.

Alipoondoka tu, baba alilitwaa gitaa akaanza kuitafuta sauti ile. Aliitafuta hata gundi ikamwungulia. Mwishowe aliipata, na namna alivyoipata ndiyo iliyonishangaza mimi maisha yangu yote. Alikuwa ameshika nyuzi kwa vidole vitatu, sauti ya furaha, ya harusi. Akakirudisha nyuma kidole kimoja, hatua moja tu ya vile vijiti vya shaba vilivyopandwa shingoni mwa gitaa, vidole viwili vingine visisogee. Lo! Mwili ukanisisimka. Ilikuwa kama wingu limepita juu ya ua palipoanikwa nguo. Kidole kimoja, jamani!

Basi baba akalewa nayo. Akaitia kila mahali, wimbo mzima ukawa kilio, hata Bibi akapiga kelele dirishani: "Nani kafa? Tutandike majamvi ya matanga?" Yule karani, aliyekuja kuaga, alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, kila wimbo una nyumba yake. Wewe umehama! Mtu akienda kwa jirani kuazima moto hulala huko huko? Chukua kaa lako la moto, urudi kwako mbio, upike." Baba akatabasamu.

Siku ya nikahi ikafika. Alasiri wanaume walikuwa wameshajaa msikitini, shangazi yuko kitandani na hina yake na vikuba vyake vya asumini, hanyanyuki. Bibi amejifungia chumbani kwa komeo. Wanawake walimbembeleza mlangoni mpaka wakachoka. Baba akaja mbio kutoka msikitini, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Nilidhani atavunja mlango. Badala yake alilitwaa gitaa, akaketi kizingitini, akaanza kuupiga ule wimbo wa kumwosha bibi harusi, ambao Bibi mwenyewe alikuwa akiuongoza katika harusi za mtaa mzima. Aliupiga kwa furaha, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa ubavuni pake nikikitazama kile kidole, pumzi nimeibana. Ulipofika pale panapoagwa nyumba ya mama, kidole kikarudi hatua moja. Mara moja tu. Kisha akarudi kwake mbio, furaha ikaendelea.

Shangazi, ambaye hakulia tangu vita vianze, akaangua kilio. Ndani ya chumba, sauti ya Bibi ikatoka imekauka: "Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimeiazima, mama."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako! Umeiazima kwa nani?"

"Kwa mamake Bakari. Ndiyo aliyomuongolea Bakari, na wanawe aliowazika."

Bibi naye alizika. Kati ya baba na shangazi palikuwa na makaburi ambayo kwetu hayakutajwa. "Uchungu wa mwana aujua mzazi," tukamsikia akisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Halafu: "Yuko wapi huyo mama?"

"Yuko nje, barazani."

"Barazani? Mkwe wangu mmemkalisha barazani kama muuza samaki? Hamna haya nyinyi?" Komeo likalia. Akatoka, macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwa shangazi, akamwekea mkono kichwani. "Radhi yangu unayo, duniani na akhera. Haya, inuka, watu wanangoja."

Wote hao sasa wako mchangani. Siku hizi muziki unatoka redioni tangu alfajiri, mwingi kuliko tuwezavyo kuusikia, na wala hakuna anayeuliza umetoka kwa nani. Lakini shangazi aliacha mjukuu, kijana wa miaka ishirini, mwenye gitaa la umeme na kelele zake. Juzi alikuwa akipiga ukumbini kwangu, nami nikiwa tayari kumfukuza, mara nikasikia kidole kimerudi hatua moja, kisha mbio nyumbani. Nikamwuliza ameitoa wapi. "Sijui, Bibi. Niliona tu inaingia pale."

Nilimtazama, pua ya Bakari, ukaidi wa Zuhura. Kama kidole kile kisingerudi siku ile, yeye asingezaliwa. Nikamwambia, "Piga tena, mwanangu. Ila usikae huko sana."