Printa chini ya kanga

Jamani, leo nimeongea na pazia mbele ya mteja.

Bibi Zainabu, jirani yangu hapa Palma, Msumbiji, kaja dukani kuchapisha declaração, ile barua ya uthibitisho, ya shule ya mjukuu wake. Kompyuta ikaandika: papel encravado. Karatasi imekwama.

Nikazima, nikawasha. Nikatoa karatasi zote, nikarudisha. Nikafuta kazi zote zilizokuwa kwenye foleni.

Wapi!

Bibi anaangalia tu kanga iliyofunika printa.

Ni ya mke wangu. Yuko Pemba, hii ya huku kwetu Msumbiji, na watoto tangu tulipokimbia vita. Mimi nimerudi peke yangu kufungua duka. Alipokuja kunitazama aliifunika printa kwa ajili ya vumbi, kama tunavyofunika televisheni majumbani. Kaondoka, na mimi sijaitoa. Nikichapisha nainua upande wa mbele tu.

(Mnaocheka, chekeni.)

"Mwanangu, hii kanga mbona imemezwa?" Bibi akasema.

Kweli. Pindo la nyuma lilikuwa limevutwa ndani pamoja na karatasi.

Akalichomoa taratibu, akaikunja kanga, akaiweka mezani. Nikatuma upya, karatasi ikatoka safi.

Zamani, printa ikigoma, mke wangu alikuwa akiniuliza kutoka uani, nyuma ya pazia: "Imepona?"

Basi ikanitoka, kwa sauti kubwa: "Imepona, mama Aisha!"

Bibi Zainabu akageuka kulitazama pazia. Akangoja, kwa adabu, mtu ajibu.