Niliila Firigisi, Dada Yangu Akabeba Aibu

Admin, naomba jina langu libaki kwako peke yako, maana ndugu zangu wote wako humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na mitano, naishi Jinja. Jambo lenyewe lilitokea miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Najua kuna watakaosema, eti mwanamke mzima analilia kipande cha kuku. Someni kwanza, mtanicheka baadaye.

Baba alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini, mama ni Msoga, na pale kota za magereza sote tuliongea Kiswahili. Krismasi yetu haikuwa na makubwa. Keki hatukuijua. Tulikuwa na firigisi. Huku kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mke akipakua kuku lazima amwekee mumewe. Sasa Baba yeye hakuila. Tukitoka kanisani aliikata vipande vinne, akatuita kwa kufuata umri. Unapiga magoti, anakutia mdomoni, anasema, "Mwaka umekwisha, bado tupo." Kipande chenyewe hakijazi hata pengo la jino! Lakini wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi, "Mkubwa wangu, kuja," na kwa hilo niliwaringia wadogo zangu mwaka mzima.

Kila Krismasi ikipita tu, Baba alikwenda Mbale. Tuliambiwa ni kazi. Mwaka ule akanichukua, akasema nimeshakua, kuna watu nikawasalimie. Tukafika Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, msichana akatoka ndani mbio anaita, "Baba! Baba!" Nikadhani amekosea mtu. Nitamwita Nambozo, si jina lake. Mama yake, Mgisu, alinikumbatia akaniita mwanangu. Kumbe Baba alikuwa na nyumba ya pili, na huyo Nambozo amenizidi miezi minne. Yaani hata huo ukubwa niliokuwa naringia haukuwa wangu.

Nikakaa nao jikoni. Nambozo, masikini, alifurahi kunipata. Akaniambia, "Leo Baba anakata firigisi! Sisi tunakata tarehe ishirini na saba, kila mwaka. Anaanza na mimi."

"Na anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema, mwaka umekwisha, bado tupo."

Jamani, wivu! Nimeolewa, nimeachwa kwa ajili ya mwanamke mwingine, lakini wivu wa siku ile sijauona tena. Angekuwa na viatu vizuri kuliko vyangu ningevumilia. Lakini maneno yale yale? Mama yake akatoka kumpokea mgeni, afande mwenzake Baba, na Nambozo akaenda kuteka maji. Nikafunua sufuria, nikaichomoa firigisi kwa vidole, ikaniunguza, nikaila yote. Nilisema moyoni, heri tukose sote.

Mezani Baba akamgeuza kuku kwa kijiko, akamgeuza tena. "Mama Nambozo, firigisi iko wapi?" Yule afande akacheka, "Bwana, hapa umepinduliwa!" Mke kula firigisi ya mumewe, tena mbele ya mgeni, ni kama kumwambia wewe si kitu. Yule mama alitazama chini.

Nambozo akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Ni mimi nimekula."

Mimi peke yangu nilijua ni uongo. Nikanyamaza. Baba hakumpiga. Alinawa mikono bila kula, akasema, "Basi. Mambo ya kukata imekwisha." Na kweli yakaisha, hata kwetu Jinja. Krismasi iliyofuata mdogo wetu wa mwisho alipiga magoti peke yake, akafumba macho, akafungua mdomo, anangoja. Baba akamwambia inuka, kaa ule chakula. Mpaka leo nikimkumbuka mtoto yule nasikia vibaya.

Baba alishafariki. Mimi na Nambozo tulikutana tena mazishini, tukapendana kabisa, simu kila wiki. Mwezi uliopita akanipigia, anataka Krismasi hii tukutane kwake Mbale na watoto wetu, turudishe ile desturi, tena mimi ndiye nikate. Halafu akacheka, akasema, "Unajua Mama kabla hajafa aliniomba msamaha? Alisema, mwanangu, siku ile ulikula firigisi kwa njaa, na mimi sikukutetea. Nikamwambia, Mama, sikula mimi! Nilidhani ni wewe, nikajisingizia ili Baba asikuaibishe. Tulicheka mpaka tukalia. Basi ni paka, dada."

Na mnisamehe kwa ninaloliandika sasa: badala ya aibu, kilichonijia kwanza ni wivu. Ule ule! Mtoto na mama yake, kila mmoja alimdhania mwenzake, na bado kila mmoja alimsamehe bila kuuliza. Mimi nani angenifichia hivyo?

Kabla hajakata simu nikamuuliza kama ananitania, kwa nini nikate mimi na mkubwa ni yeye. Akasema polepole, "Wewe ndiye Baba alikupenda. Nyinyi mlipata Krismasi yenyewe, sisi tulipata tarehe ishirini na saba. Utoto wangu wote nilikuonea wivu, hata kabla sijakujua sura."

Tangu siku hiyo sipati raha. Nikimwambia, huenda nikampoteza dada ambaye nimempata ukubwani, tena atajua mama yake alitahayari mbele ya mgeni kwa sababu yangu. Nikinyamaza, nitakaa mahali pa Baba niwalishe watoto wa Nambozo huku nimemdanganya. Watoto wangu wameshapanga nguo, wanahesabu siku. Ninyi mlio na ndugu wa baba mmoja, niambieni ukweli hata kama unauma: nimwambie kabla sijaenda, au nisiende kabisa?