Mpaka Mdomo Upone

Mama mkwe alimchukua mwanangu siku ya Jumatatu, na sasa ilikuwa Sabato ya tatu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. "Atakaa kwangu mpaka huo mdomo upone," alisema, akamfunga mgongoni, akashuka na njia ya mashamba ya chai.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mdomo huu si wa kupona. Miaka miwili unavimba, unanywea, unavimba tena. Ngozi inapasuka katikati, na ndani ya shavu vidonda havikauki. Daktari wa Kisii alikata kipande kidogo akakipima, akaniambia waziwazi: mwili wako unajipiga wenyewe, hauambukizi mtu, utaishi nao hivyo. Nilimsomea mama mkwe ile karatasi. Akasema karatasi haileli mtoto. Mume wangu naye, kwa simu kutoka Nairobi: vumilia. Mpaka lini, mpaka mtoto aote ndevu?

Sabato hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kanisani kwetu, kabla ya mkate, wanawake huingia chumba cha nyuma kutawadhana miguu, wawili wawili, na uliyekosana naye ndiye unayemtafuta. Nilipoingia, rafiki zangu wote wakawa wanatafuta taulo. Mmoja akanong'ona ili nisikie, "Huyo na mdomo wake, nani atagusa maji yake?"

"Maji ni ya miguu, mama," nikamjibu. "Sijakuomba busu."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Nikabeba beseni moja kwa moja hadi kwa mama mkwe. Yeye ni shemasi. Kunikataa mbele ya wote hangeweza. Akavua viatu. Nikapiga magoti, nikaushika mguu wake juu ya maji, nikauzuia hapo hapo.

"Mama, mtoto anarudi leo?"

"Osha kwanza. Hayo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani umeongea peke yako wiki tatu."

"Unaniaibisha, msichana."

"Huu mdomo hauponi, Mama. Karatasi nilikusomea. Kama umeninyang'anya mtoto, sema, niache kungoja."

Mguu ukaanza kutetemeka mkononi mwangu. Ulikuwa mzito, mguu wa mtu aliyechuma chai maisha yake yote, na nilikuwa nimeapa siuteremshi.

"Mchukue ukitoka," akasema mwishowe. "Lakini usimlishe kwa kijiko chako."

Kijiko sikukibishania. Nikamwosha, nikapangusa hata katikati ya vidole. Zamu yake ilipofika, alinisugua kisigino kama sufuria iliyoungua.

Mkate sikuungoja. Wifi yangu, anayekaa na mama mkwe, alikuwa nje na mtoto mgongoni. Nilinyoosha mikono, mtoto akanitazama, akajificha kwenye shingo ya shangazi yake, akalia. Wiki tatu tu! Nilimng'oa pale, nikaenda naye nyumbani akilia njia nzima, akimwita shangazi.