Skrubu Iliyotazama Chini

Wanafunzi walimwita Kanuni, na wala hakuna aliyewalaumu. Alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na tisa katika maabara ile ile yenye bomba linalovuja, na mwanafunzi akijibu swali kwa kunong'ona, Mwalimu aliweka kiganja sikioni na kusema, "Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia." Nyumbani hakuwa tofauti. Hakuna kitu kilichoharibika ambacho hakukieleza kwanza kabla ya kukigusa, na vingi aliishia kuvieleza tu.

Mkewe alikuwa mkunga. Gari la nyumba ile, tuseme ukweli, lilikuwa la mkunga, maana yeye ndiye aliyeliendesha kwenda hospitali na kurudi kila siku. Mwalimu alikuwa abiria mwenye maelekezo mengi.

Gari lilipoanza kuvuta upande mmoja kila likisimama, shemeji alikuja kulitazama. Huyu ni mdogo wake mkunga, fundi wa magari, mtu wa utani asiyejua kufunga mdomo. Alisema kalipa za mbele zimekufa, yaani vile vyuma vinavyobana diski ya gurudumu mpaka gari lisimame, na kwamba Jumamosi angekuja kuweka mpya. Angeishia hapo, mambo yangekwenda salama. Lakini mbele ya wageni waliojaa sebuleni akaongeza kwamba Mwalimu anaweza kupiga hesabu ya breki mpaka ubao ujae, ila mpe spana uone. Watu walicheka na Mwalimu akacheka nao, huku moyoni ameshakula kiapo. Kalipa angezifunga mwenyewe, na shemeji angekuta kazi imekwisha.

Lazima nimtendee haki: hakufanya ovyo. Alinunua kalipa mpya, akatazama video mbili, ya pili akairudia. Alipanga spana juu ya gazeti uani kwa kufuata ukubwa. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapandisha gari kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi za chuma, akafungua kalipa kuukuu, akasugua kutu kwa brashi, akafunga mpya na kukaza boliti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kosa lake lilikuwa moja tu. Kalipa zile mbili zilifanana kama jozi ya kandambili, na kama kandambili, kuna ya kushoto na kuna ya kulia. Ya kushoto aliifunga kulia, ya kulia akaifunga kushoto, nazo zikaingia bila ubishi.

Ikabaki kutoa upepo. Mafuta ya breki hayapatani na hewa, kwa hiyo kila kalipa ina kiskrubu chenye tundu cha kuitolea. Mmoja anakanyaga pedali, mwenzake anafungua kiskrubu, hewa inatoka pamoja na mafuta na kuingia kwenye chupa kupitia kimpira. Mkunga aliitwa kutoka jikoni, akajifuta mikono na kukaa nyuma ya usukani.

"Kanyaga," alisema Mwalimu, amelala ubavu chini kando ya gurudumu. "Shikilia. Haya, achia."

Walikwenda hivyo mara arobaini na zaidi. Mkunga alisema pedali bado laini, inazama kana kwamba anakanyaga unga uliokandwa. Mwalimu akamjibu kwamba hashikilii vizuri, anaachia mapema. Alimwambia hivyo tena, na tena, kwa sauti ya darasani, mpaka mwenzake akanyamaza na kuwa anakanyaga tu. Mwishowe, ukiipiga pedali mara nne mfululizo, ilipanda ikawa ngumu. Mwalimu akatangaza kazi imekwisha. Alizunguka mtaa mara moja, mwendo wa kobe, mguu ukipigapiga breki njia nzima, na gari likasimama kila alipotaka. Akampigia shemeji simu kumjulisha asijisumbue.

Jumatatu asubuhi mkunga alitoka getini kwenda kazini. Njia yao inateremka kidogo, kisha inakata kona mbele ya nyumba ya Afande, askari mstaafu anayefagia mbele ya geti lake mara tatu kwa siku. Penye kona mkunga alikanyaga breki mara moja, kama ambavyo mtu yeyote hukanyaga. Pedali ikashuka mpaka sakafuni. Gari liliendelea na safari yake na kuingia kwenye ukuta wa Afande, likabomoa matofali kumi na kitu. Hakuna aliyeumia.

Mwalimu alifika mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Majirani walikuwa wameshajaa. Mkunga alikuwa amesimama kando ya gari akisema breki haikushika. Afande akacheka, akasema hizo ndizo pedali na wanawake, bila shaka mama alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Wengine wakacheka pia, kwa upole, ule upole unaochoma.

Mwalimu alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, ambalo lilikuwa bado limekatwa kuelekea kona, kwa hiyo kalipa ilionekana wazi. Kiskrubu kilikuwa kinatazama chini. Kinatakiwa kukaa juu kabisa, kwa kuwa hewa hupanda. Kikiwa chini, utatoa mafuta kutwa nzima na hewa itabaki imejikalia juu kwa raha zake. Jambo hilo Mwalimu alilichora ubaoni kila mwaka kwa chaki ya bluu.

Alijua palepale. Na palepale mkewe alimgeukia.

"Mwalimu, wewe ndiye unayejua. Inawezekana kweli nilikanyaga mafuta?"

Afande alikuwa anatazama, majirani wanatazama, na mbali kidogo alikwishaona pikipiki ya shemeji inakuja.

"Inawezekana," alisema. "Mtu akishtuka, inawezekana."

Sina la kumtetea. Alikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja fupi, akachagua nyingine.

Gari lilisukumwa mpaka nyumbani. Kesho yake Mwalimu aliaga shuleni kwa kisingizio cha jino, akarudi na kubadilisha kalipa, kila moja upande wake. Safari hii hakuhitaji hata mtu wa kukanyaga. Alifungua viskrubu vilivyotazama juu, akaongeza mafuta kwenye kikopo cha breki chini ya boneti na kuyaacha yateremke yenyewe, na mapovu yakatoka moja baada ya jingine mpaka yakaisha. Akakaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga. Pedali ilisimama mara ya kwanza, ngumu kama inavyotakiwa. Alikumbuka alivyomgombeza mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni shemeji alikuja kupima breki. Alizunguka na gari, akarudi akampa mkono na kusema amekubali, kazi safi, utani anaufuta. Mwalimu aliupokea mkono ule.

Mkunga hakuligusa tena gari. Aliamka mapema zaidi, akatembea mpaka kituo cha basi, na kurudi jioni na viatu mkononi. Mwalimu alimwandalia maji ya moto ya kukandia miguu, akampokea mkoba, akaosha vyombo bila kuombwa. Maneno aliyaandaa kila siku na kila siku aliyameza. Mkewe alidhani anahurumiwa, akamshukuru, na shukrani zile zilikuwa mbaya kuliko matusi.

Ijumaa ya wiki ya pili, Mwalimu akiwa anasahihisha madaftari mezani, mkunga aliweka karatasi mbele yake.

"Nirekebishie Kiswahili," alisema. "Naipeleka Jumatatu."

Ilikuwa barua kwa muuguzi mkuu. Aliomba aondolewe wodi ya wazazi, apelekwe dirisha la kuandikisha wagonjwa. "Siku ya ajali ningeapa kwamba nilikanyaga breki," aliandika, "kumbe nilikosea. Kama mguu wangu unaweza kunidanganya hivyo, siwezi kupokea mtoto kwa mikono ambayo sina hakika nayo."

Mikono ile ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mtaa. Mwalimu alisoma barua yote akiwa ameshika kalamu nyekundu, na hapakuwa na kosa hata moja la kusahihisha. Akaiweka kalamu chini.

"Hukukosea," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mkewe aliinama kumsikia. "Ulikanyaga breki. Kalipa nilizifunga kinyume, hewa ikabaki ndani. Hata siku ile pedali ilipokuwa laini, wewe ulikuwa sahihi."

Mkunga alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Ulijua lini?"

"Palepale. Ukutani."

"Siku kumi na moja," alisema mkunga. Hakulia wala hakupaza sauti. Alichukua barua, akaichana vipande vinne, akaenda ukutani na kutungua funguo za gari. "Njoo."

Mwalimu alikaa upande wa abiria bila kutoa maelekezo yoyote. Mkunga aliteremka njia ile kwa mwendo wa kila siku, akafika kwenye kona, akakanyaga mara moja. Gari lilisimama shibiri moja kutoka ukuta wa Afande, mbele ya matofali mapya ambayo rangi yake ilikuwa bado haijafanana na ya wenzake. Afande alikuwa anafagia. Majirani waliosikia breki walianza kutokeza kwenye mageti yao mmoja mmoja.

"Shuka," alisema mkunga. "Uongo ule uliusema mbele yao."

Mwalimu alishuka. Alisimama mbele ya ukuta, macho kwenye viatu vyake, akaanza kumweleza Afande habari ya kalipa, maneno yakitoka kwa kunong'ona. Afande aliacha kufagia, akatega sikio.

Kioo cha gari kikashuka nyuma yake.

"Sema kwa sauti, Mwalimu," alisema mkewe. "Wa nyuma hawajasikia."

Mwalimu aliinua uso, akawageukia watu, akaanza upya.